Mgeni Tucson: Maonyesho ya vito ambako kijikaratasi hulipa jiwe bei

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, kuanzia siku za mwisho za Januari hadi katikati ya Februari, mji wa Tucson katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, hugeuka kuwa soko la mawe. Vyumba vya hoteli huondolewa vitanda na kutiwa meza na taa. Viwanja vilivyokuwa vitupu hufunikwa kwa mahema marefu mithili ya maghala. Kando ya barabara hupangwa mapande ya amethisti yenye kimo cha mtu mzima, mifupa ya dinosa, vimondo vilivyoanguka kutoka angani, na ndoo za kokoto zilizong'arishwa ambazo watoto huzitumbukizia mikono siku nzima.

Wanaokuja ni makumi ya maelfu: masonara, wachongaji wa Jaipur, wahifadhi wa makavazi, walimu wastaafu wenye makabati ya mawe nyumbani na, si haba, wafanyabiashara wa vito kutoka Afrika Mashariki. Kwa hawa wa mwisho, Tucson si matembezi. Ni mahali ambapo jiwe lililochimbwa Taita Taveta au Simanjiro humkaribia mtu atakayelivaa au kuliweka kabatini, na ambapo bei yake hutamkwa kwa sauti.

Makala haya yanamlenga yule ambaye hajawahi kufika huko na anatamani kwenda. Yanamlenga pia yule ambaye hataenda kamwe, lakini angependa kujua kwa nini jiwe lile lile huwa na bei kumi tofauti kabla ya kutulia kidoleni mwa mtu.

Mgeni aliyeambiwa kwamba anakwenda kwenye "maonyesho ya vito" hutazamia jumba moja, mlango mmoja na tiketi moja. Hilo ndilo kosa lake la kwanza. Maonyesho ya Tucson ni zaidi ya 40, yametapakaa mjini kote, na kila moja lina wenyewe, masharti yake na wateja wake. Lile la asili, ambalo ndilo lililoyazaa mengine, huandaliwa na Chama cha Vito na Madini cha Tucson, kilichoanzishwa mwaka wa 1946 na watu waliopenda mawe tu. Onyesho lao la kwanza lilifanyika mwaka wa 1955 katika shule ya msingi, bila kiingilio. Mwaka uliofuata walihamia katika banda la bati kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti, wakakaa humo hadi mwaka wa 1972 walipopata nafasi katika jumba kubwa la mikutano katikati ya mji.

Wachuuzi waliokosa meza ndani ya jumba hawakurudi makwao. Walikodi vyumba vya hoteli, wakaanika mawe juu ya vitanda na kuacha milango wazi. Wateja wakawafuata huko. Ndivyo desturi ya hoteli ilivyoanza, nayo hadi leo ndiyo inayomshangaza mgeni kuliko yote: unapita kwenye ujia wa hoteli ya kawaida, na katika chumba kimoja mtu wa Pakistan anauza fuwele za milimani, cha pili mtu wa Morocco amejaza visukuku hadi bafuni, na cha tatu Mmarekani mzee ameketi peke yake na sanduku moja lililofunikwa, akisubiri mtu mmoja anayemjua.

Mbona Tucson, mji wa jangwani ulio karibu na mpaka wa Mexico? Sababu ya kwanza ni hali ya anga. Februari sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini imegandishwa na theluji, ilhali Tucson kuna jua la wastani. Sababu ya pili ni kwamba Arizona ni nchi ya migodi. Machimbo ya shaba ya Bisbee, yaliyofungwa mwaka wa 1975, yalitoa mawe ya buluu na ya kijani ambayo wakusanyaji wangali wanayagombania, na feruzi ya jimbo hilo imekuwa pambo la Wahindi Wekundu wa eneo hilo tangu kale. Watu wa huko hawakuhitaji kufundishwa kwamba jiwe laweza kuwa mali.

Kosa la pili la mgeni ni kusimama kwenye mlango asioruhusiwa kuingia. Maonyesho haya yamegawanyika sehemu mbili. Kuna ya wafanyabiashara pekee, ambako mauzo ni ya jumla na mlangoni hudaiwa leseni ya biashara, kadi ya biashara na vithibitisho vingine. Lililo mashuhuri miongoni mwa hayo ni la chama cha wafanyabiashara wa vito vya rangi cha Marekani, ambalo huchukua jumba lile lile la mikutano katika wiki ya kwanza ya Februari. Wakishaondoka wao, onyesho la asili huingia wiki inayofuata, na hilo ni la umma. Mahema na hoteli nyingi pia huwa wazi kwa kila mtu, nyingine bila kiingilio. Kwa hivyo mtu asiye na leseni akifika wiki ya kwanza pekee, atarudi akisimulia kuta za hema.

Aidha, katika maeneo ya jumla huenda akakuta bei iliyoandikwa si bei inayolipwa. Wafanyabiashara wa Marekani wana desturi ya kuandika bei ya dukani, kisha mnunuzi wa jumla hulipa nusu yake. Asiyejua hulipa yote, na muuzaji si lazima amzuie.

Adabu za sokoni ni chache lakini hazisamehewi. Jiwe halishikwi kabla ya kuomba ruhusa. Fuwele iliyosimama juu ya mwamba wake hushikwa kwa kitako, kamwe si kwa ncha, na mikono hubaki juu ya meza ili ikiponyoka ianguke karibu. Mtu mwingine akiwa anapatana bei, wewe nyamaza hata kama unajua anapunjwa. Kuomba kupunguziwa si aibu. Kulishusha jiwe hadhi mbele ya mwenyewe ndiyo aibu. Vilevile, vaa viatu vya kutembelea na ubebe maji, kwani jangwa ni jangwa hata Februari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mgeni huchelewa kulitambua, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalofaa kumpeleka Mkenya Tucson.

Katika sehemu ya wakusanyaji wa madini, kando ya kila jiwe kuna kijikaratasi. Hakina urembo. Kimeandikwa jina la madini, mgodi lilikotoka, wilaya, nchi, na wakati mwingine mwaka lilipochimbwa na majina ya watu waliolimiliki. Mgeni hukipita macho akitafuta bei. Mkusanyaji mzoefu hufanya kinyume: husoma karatasi kwanza, kisha hulitazama jiwe kuona kama linafanana na karatasi. Karatasi zilizoandikwa kwa mkono na wahifadhi wa makavazi ya zamani huhifadhiwa kama hati za shamba, nazo hupandisha bei. Jiwe lililopoteza karatasi yake hupoteza sehemu kubwa ya thamani hata kama ni zuri kiasi gani, kwa kuwa haliwezi tena kumweleza mtu habari za mahali fulani ardhini. Migodi hufungwa, hufurika maji, huisha. Baada ya hapo kilichosalia ni jiwe na maandishi.

Kwenye vito vilivyochongwa mambo ni hayo hayo, ila karatasi ni ya maabara. Yakuti nyekundu, ambayo wengi wetu huiita rubi, ikithibitishwa kutoka Myanmar na kwamba haikupashwa moto, huuzwa kwa bei iliyo mbali sana na ya nyingine inayofanana nayo kwa macho. Rangi ni ile ile, uzito ni ule ule. Kinachotofautiana ni habari.

Hapa ndipo vito vyetu vinapoingia. Ukanda wa miamba mikongwe unaopita kusini mashariki mwa Kenya, ukaendelea Tanzania hadi Msumbiji na Madagascar, ulipikwa kwa joto na mgandamizo yapata miaka milioni 600 iliyopita, na ndio ulioleta rubi za Mangare, tsavoraiti za Taita Taveta na tanzanaiti ya Mirerani. Vito viwili vya mwisho ni mfano bora wa jiwe lililotengenezwa na jina lake.

Tsavoraiti ni aina ya ganeti, rangi yake ya kijani ikitokana na vanadi na kromi. Campbell Bridges, mwanajiolojia Mskoti, aliiona kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1967, kisha akaipata upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyoipa jina, kutoka kwa Tsavo, na kuitangaza mwaka wa 1974. Tanzanaiti nayo iligunduliwa mwaka wa 1967 na ni kampuni hiyo hiyo iliyoipa jina mwaka uliofuata. Kitaalamu madini yake huitwa zoisaiti, neno ambalo halingemvutia bibi harusi yeyote. Mara nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, nayo hupashwa moto wa nyuzi zinazokaribia 600 ili rangi ya buluu na zambarau ijitokeze. Hayo si udanganyifu, maadamu mnunuzi anaelezwa.

Wakati wa vito vyote viwili, nchi ilikotoka imo ndani ya jina. Mtu anayenunua tsavoraiti ananunua pia picha ya nyika na ndovu. Faida ya picha hiyo humfikia nani, hilo ni suala jingine.

Kwamba habari yaweza kulipandisha jiwe na pia kuliangusha, tanzanaiti ilithibitisha. Mwezi Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, gazeti moja kubwa la Marekani lilichapisha taarifa iliyodai kuwa mtandao wa Al-Qaeda ulikuwa ukinufaika na biashara ya tanzanaiti. Madai hayo hayakutoka hewani tu, kwani katika kesi ya mashambulizi ya balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam mwaka wa 1998, mmoja wa waliopatikana na hatia alikuwa amejihusisha na vito alipoishi Nairobi. Lakini kutoka mtu mmoja hadi soko zima ni safari ndefu, na taarifa ile iliikatiza kwa hatua moja. Tiffany ikaacha kuuza tanzanaiti. Wauzaji wengine wakubwa wakafuata. Hakuna hata jiwe moja lililobadilika rangi, ila oda zilikatika na wachimbaji wa Mirerani, ambao wengi wao hawakuwahi kulisikia gazeti hilo, wakaachwa na mawe mikononi.

Suluhisho lilitafutwa Tucson. Mnamo Februari 2002, wakati wa maonyesho, wafanyabiashara wa Marekani na wajumbe wa serikali ya Tanzania walitia sahihi makubaliano yaliyopewa jina la mji huo. Kiini chake kilikuwa karatasi: kila anayeuza tanzanaiti atoe hakikisho la maandishi kwamba ilipitia njia halali tangu machimboni. Serikali ya Marekani nayo ikatamka kwamba haikuwa na ushahidi wa magaidi kuendelea kunufaika na kito hicho. Wateja wakarudi polepole.

Mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikihariri habari za watu wengine, na sijui mfano mwingine ulio wazi hivi wa aya chache za gazeti kumnyang'anya mchimbaji chakula mezani, kisha aya nyingine chache za mkataba kukirudisha.

Tanzania ilijifunza. Mwaka wa 2018 ilikamilisha ukuta wa kilomita zipatazo 24 kuzunguka machimbo ya Mirerani, na uuzaji ukaelekezwa langoni, chini ya macho ya serikali. Ukuta huo una wakosoaji wake, lakini ulipofika Juni 2020 na mchimbaji Saniniu Laizer akatoa mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, yalipimwa hadharani na serikali ikayanunua kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni za Tanzania. Mawe hayo tayari yana karatasi zake: mgodi, siku, jina la mchimbaji na bei. Laiti yangefichwa mfukoni na kuvushwa mpaka usiku, yangekuwa mawe mazuri tu.

Upande wetu wa mpaka hali ni tofauti, na ni vyema tuseme ukweli kuhusu sababu. Mara nyingi hudaiwa kwamba mchimbaji wa Kenya hupunjwa kwa kuwa hajui thamani ya jiwe lake. Hiyo ni nusu ya habari. Wachimbaji wengi wa Taita Taveta wanaijua rangi nzuri kuliko mtaalamu aliyeisomea darasani. Karatasi hupotea kwa sababu nyingine: mtu aliyechimba bila leseni, au ndani ya shamba la mwingine, hana haja ya kutaja mahali alikochimba. Dalali anayenunua kwake hutaka kuficha chimbuko lake wenzake wasimtangulie. Yule wa Nairobi huchanganya mafungu ya watu kumi katika pakiti moja kwa kufuata rangi na ukubwa. Jiwe likipanda ndege, hakuna anayeweza kuapa ni la Kuranze, la Mwatate au la Tanzania.

Na si kwamba hofu hiyo haina msingi. Ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchimba wapi umemwaga damu. Bridges mwenyewe, yule aliyeipatia dunia tsavoraiti, aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi baada ya kuvamiwa na kundi la watu wenye silaha kufuatia mzozo wa machimbo. Mwaka wa 2014 wanaume wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 40. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 ilikuja kuwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali. Aidha iligawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo husika. Lakini ni wazi kwamba jamii haiwezi kudai asilimia yake kumi ya jiwe ambalo hakuna aliyeandika lilikotoka.

Tofauti ya bei kati ya Voi na Tucson haitokani na ulaji pekee, hata hivyo. Kuna hesabu ambayo mchimbaji angefaidika kuijua. Machimboni jiwe ghafi huuzwa kwa gramu. Tucson kito kilichochongwa huuzwa kwa karati, na gramu moja ni karati 5. Mchongaji huondoa nyufa, madoa na pembe, na mara nyingi hubakiwa na robo tu ya uzito au pungufu. Kwa hivyo gramu moja ya tsavoraiti ghafi, ikiwa safi, hutoa kito cha karati moja na kitu kidogo. Na safi ni chache. Tsavoraiti hukua ndani ya mafundo ya mwamba yanayofanana na viazi, na mengi yalipasuka kwa mgandamizo huko chini kabla ya binadamu kuwako duniani. Ndiyo maana kito kinachozidi karati 2 ni adimu, na kikiwa cha rangi bora hupita dola 1,000 kwa kila karati.

Anayelinganisha bei ya gramu ya Voi na bei ya karati ya Tucson bila kuzingatia hayo atakasirika kupita kiasi. Anayezingatia hayo bado atakasirika, ila atajua kiasi gani ni cha mchongaji, kiasi gani ni cha nauli na hasara, na kiasi gani ni cha kutokuwa na karatasi.

Jambo jingine Tucson hufunza ni nyundo. Machimboni kwetu fuwele nzima iliyoshika mwamba mara nyingi huvunjwa ili itolewe sehemu ya kuchonga. Wakusanyaji huona hilo kama kuchoma kitabu upate majivu. Katika mahema yao, fuwele ya tanzanaiti isiyopashwa moto, ncha zake zikiwa nzima, imesimama juu ya mwamba wenye grafaiti nyeusi, yaweza kuuzwa ghali kuliko vito vyote ambavyo vingechongwa humo. Mirerani wengi wamelijua hilo na siku hizi hutoa vipande kama hivyo kwa uangalifu, vikiwa vimefungwa kwa pamba na karatasi za chooni. Mchimbaji akishaona kipande chenye mwamba wake kikilipiwa, nyundo yake huanza kufikiri.

Mgeni asidhani kwamba kila kilichoko Tucson ni halisi. Mwongozo wa tume ya biashara ya Marekani unamtaka muuzaji amweleze mnunuzi ikiwa kito kimefanyiwa jambo, lakini mahema ni mengi na macho ya wasimamizi ni mawili mawili. Jiwe jeupe liitwalo haulaiti hutiwa rangi ya buluu na kuuzwa kama feruzi. Amethisti hupashwa moto ikawa ya manjano na kubadilishiwa jina. Rubi zenye nyufa hujazwa kioo chenye risasi hadi zikang'aa. Rubi ya aina hiyo, ikiguswa na asidi ya sonara au hata ya limau, huharibika. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta, na hilo limezoeleka kiasi kwamba swali si kama limefanyika bali ni kwa kiasi gani. Maswali ya kumuuliza muuzaji ni mafupi: limetoka wapi, limefanyiwa nini, na je, utaniandikia hayo kwenye risiti? Lile la tatu ndilo huwatenga wauzaji.

Nina sababu ya kulisisitiza. Nikiwa mwanahabari kijana, nilinunua kando ya barabara kuu ya Mombasa "tsavoraiti" iliyokuwa imefungwa kwa kitambaa cheupe na kuletwa kwa minong'ono. Nilimpelekea sonara kwa fahari. Aliiweka chini ya lenzi ya mkono inayokuza mara 10, akanipa nitazame mwenyewe. Ndani kulikuwa na viputo vidogo vya mviringo, kama vya soda. Mawe ya ardhini huwa na dosari zenye umbo la sindano, vumbi au fuwele ndogo. Viputo vya mviringo kwa kawaida ni alama ya kioo kilichoyeyushwa. Nilikuwa nimenunua chupa. Lenzi kama ile si ghali na hutoshea kwenye mfuko wa shati, na mgeni asiende Tucson bila moja.

Na litazameni jiwe chini ya taa zaidi ya moja. Taa za mahema huchaguliwa na muuzaji. Tanzanaiti huelekea buluu mchana na zambarau chini ya balbu ya manjano. Omba ulisogeze mlangoni penye mwanga wa jua, na mwenye jiwe akikataa, umekwisha kujibiwa.

Mkenya anayetaka kwenda kuuza, mbali na viza, anahitaji kibali cha kusafirisha madini nje kwa mujibu wa Sheria ya Madini, na ni heri amtafute wakala wa forodha kabla ya kufunga mzigo kwa sababu kanuni za ushuru wa Marekani zilibadilikabadilika mno mwaka wa 2025. Meza katika maonyesho makubwa hukodishwa mapema, na ni ghali kwa mtu mmoja. Ninaowaona wakifaulu katika biashara kama hizi ni wale wanaochanga na kugawana meza moja. Wakianza, waanze na kitabu: kila jiwe lipewe nambari siku linapotoka, na mbele ya nambari yaandikwe shimo, kina, tarehe, uzito, na picha ipigwe kwa simu. Simu hiyo hiyo hutoa alama za mahali bila malipo. Gharama ya yote ni daftari la mazoezi na kalamu.

Anayekwenda kutazama tu, au anayefika mjini mahema yakiwa yamekwisha kukunjwa, asikate tamaa. Tangu mwaka wa 2021, Chuo Kikuu cha Arizona kimeweka makavazi yake ya vito na madini katika jengo la zamani la mahakama katikati ya mji. Mawe humo hayauzwi. Asome vijikaratasi.